Mkaa Umewaka, Jiko Bado Halijapata Moto

Ukimuuliza mchomaji nyama kama jiko liko tayari, atakujibu "limewaka". Neno hilo linabeba hali tatu zisizofanana. Ya kwanza, mkaa umeshika: vipande vichache vina kona nyekundu na moto hautazimika hata ukigeuza mgongo. Ya pili, mkaa umekolea: lundo zima ni jekundu kwa ndani na jivu jepesi limelifunika. Ya tatu, jiko lenyewe limepata moto: wavu, kuta na hewa iliyo juu ya makaa vimefika joto la kuchoma nyama. Kwenye jiko la nusu pipa lililokaa nje, jioni ya mwezi wa saba pale Uyole au Mafinga, Nyanda za Juu Kusini, safari ya kutoka kiberiti hadi hali ya tatu huchukua dakika 35 hadi 45. Wengi huweka nyama kwenye hali ya kwanza, kisha humlaumu mwenye bucha. Kuku hutoka mweusi kwa nje, ananuka moshi, na ukimpasua kwenye paja kuna damu mfupani.

Hali hizo tatu zina mahitaji tofauti, na kila moja inaharibika kwa sababu yake. Ukizichanganya utapepea pasipohitaji kupepewa na kusubiri pasipohitaji kusubiriwa.

Baridi inasingiziwa

Mkaa ukikataa kushika, lawama hupewa baridi. Ukweli umepinda kidogo. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho mkandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 ya ule wa Dar es Salaam. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo kila kiasi cha hewa kinachopenya chini ya jiko kinaingia na oksijeni pungufu. Hapo baridi husaidia, haiharibu: hewa ya nyuzi 12 imesongamana kuliko hewa ya nyuzi 30. Ukipiga hesabu ya jioni ya Mbeya dhidi ya jioni ya pwani, upungufu halisi wa oksijeni unabaki kama asilimia 13. Kitulo, kwenye mita 2,600 na ushee, pengo linakuwa kubwa zaidi.

Asilimia 13 haizimi moto. Inachofanya ni kuonyesha udhaifu wa jiko. Jiko lenye matundu machache, ambalo pwani lingejikongoja hadi likolee, huku juu linadumaa. Dawa yake ni hewa zaidi kutoka chini, wala si mafuta ya taa zaidi kutoka juu. Kwa nusu pipa la lita 200, safu mbili za matundu ya milimita 14 chini ya tumbo, jumla 25 hadi 30, zinatosha. Muhimu kuliko idadi ya matundu ni kwamba makaa yasilale moja kwa moja juu yake. Fundi wa kuchomelea akupe wavu wa pili, wa chini, wa nondo za milimita 8 zilizoachana sentimita moja na nusu, ukae sentimita 6 juu ya sakafu ya pipa. Majivu yatadondoka chini na njia ya hewa itabaki wazi. Majiko mengi ya vilabuni hayana wavu huo, ndiyo maana huanza vizuri saa kumi na moja na kufikia saa mbili usiku yanapepewa kwa mfuniko wa ndoo bila kukoma.

Unyevu ndio mwizi mkubwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili, na kule Rungwe hata Mei, mkaa unanyonya maji kutoka hewani na kutoka sakafuni. Kilo 3 za mkaa zenye unyevu wa asilimia 10 zimebeba gramu 300 za maji, ambayo ni glasi nzima na kidogo juu yake. Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kipande cha mkaa kilicholowa hakipandi mbali na hapo mpaka maji yake yaishe. Wakati mkaa mzuri unahitaji kama nyuzi 350 ili kuanza kushika, glasi hiyo inakula joto la vipande vilivyokwisha kuwaka. Moshi mweupe mzito wa dakika tano za kwanza kwa sehemu kubwa ni mvuke huo. Gunia lisikae juu ya saruji tupu. Liweke juu ya mbao mbili, mbali na ukuta.

Halafu kuna upepo. Upepo wa Iringa unaleta oksijeni na kupora joto kwa wakati mmoja. Kwenye makaa yaliyokolea ni msaada. Juu ya wavu ni hasara, kwa kuwa unafagia hewa ya moto kabla haijafika kwenye nyama. Elekeza matundu upande wa upepo, na juu weka bati la kukinga upande huohuo.

Mkaa gani

Sokoni kuna mkaa wa miti ya miombo, ule unaopandishwa kutoka Chunya na kwingineko. Kuna wa miwati, ambao Njombe wameuzoea tangu mashamba ya miwati yalipoanza kupandwa huko kwa ajili ya magome. Na kuna wa misindano (misonobari) na milingoti (mikaratusi) kutoka mabaki ya mbao za Mufindi. Kwa nyama, miombo na miwati. Ni mizito, inakaa, inatoa joto lisiloyumba. Wa msindano ni mwepesi kama kizibo: unashika haraka na kuisha haraka, kwa hiyo unafaa kuanzishia moto, haufai kumalizia mbavu za mbuzi. Wa mlingoti hurusha cheche, hasa ukiwa na unyevu. Usiusogelee na sweta la nailoni.

Kupima ubora gonganisha vipande viwili. Mkaa ulioiva vizuri kwenye tanuri hulia kama kigae, na ukiuvunja uso wake unang'aa. Ukilia kama kuni, au ukiona rangi ya kahawia ndani, hicho ni kijinga: bado kina lami ya mti, kitatoa moshi mchungu kwa robo saa nzima. Vitoe vijinga kabla ya kuwasha. Wapo wanaosema moshi huo unaongeza ladha. Ladha ya lami hiyo ni uchungu unaobaki kooni, na watu hufunika kwa pilipili.

Ukubwa nao una maneno. Vipande kati ya yai na ngumi ndivyo vinavyopitisha hewa. Vikubwa zaidi vunja. Chenga zipepete na kuziweka kando, kwa sababu zinajaza nafasi kati ya vipande na kuziba hewa, na kilo moja ya chenga inaweza kudumaza kilo tatu za mkaa mzuri.

Mkaa unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, kama ya Kiwira, ni habari nyingine. Makaa ya mawe yana salfa. Chini ya sufuria ya maharage hakuna tatizo, ilimradi jiko liko mahali penye hewa. Chini ya nyama iliyo wazi, achana nayo.

Kuwasha kwa kopo

Njia ya uhakika kuliko zote ni kopo la kuwashia, silinda isiyo na kitako. Fundi bati analikunja kwa nusu saa: pleti nyeusi ya chuma ya sentimita 30 kwa 64, ikunjwe iwe na kipenyo cha sentimita 20. Sentimita 8 kutoka chini upitishwe wavu mdogo wa nondo nyembamba, na chini ya wavu huo yatobolewe matundu 8 hadi 10 ya sentimita 2. Mkono wa mbao utokeze pembeni. Usikubali bati la kuezekea. Limepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kifua kubana. Kwa sababu hiyohiyo, nyavu za friji mbovu zisigeuzwe kuwa wavu wa kuchomea: hujui zimepakwa nini.

Kopo la kipimo hicho hubeba kilo moja na nusu ya mkaa. Nusu pipa lenye moto wa kuchoma kilo 4 hadi 5 za nyama linahitaji kilo 3, sawa na ndoo ya lita 20 isiyojaa, kwa hiyo kopo moja linawashwa na kiasi kingine kama hicho hubaki kikavu kando kikisubiri.

Chini ya kopo weka karatasi mbili za gazeti zilizokunjwa kilegevu na kupakwa kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Mafuta hufanya karatasi iwake dakika nne badala ya moja. Juu ya karatasi, magunzi mawili makavu yaliyovunjwavunjwa. Nyanda za juu hazina uhaba wa magunzi, na ni kianzio bora: yana matundu, yanakauka haraka, yanabaki na kaa jekundu baada ya mwali kuisha. Vibanzi vya msindano wenye utomvu vinashika haraka zaidi, ila vinatoa masizi meusi. Vitumie siku za mvua. Mkaa ujae juu ya wavu bila kushindiliwa. Washa karatasi kwenye matundu mawili yanayotazamana, halafu kaa mbali.

Kopo linafanya kazi kama bomba la moshi. Hewa ya moto inapanda, inavuta hewa baridi kupitia matundu ya chini, na hakuna haja ya kupepea. Baada ya dakika kama 10 moshi mweupe unakatika. Dakika ya 15 hadi 20 utaona vipande vya juu vimeanza kuwa vyeupe kingoni na, kama kuna giza, mwali mdogo wa buluu ukicheza juu. Mwali huo una maelezo yake. Chini ya kopo kaboni inaungua kamili; gesi inayotoka hapo inapopita katikati ya makaa mekundu inapokonywa sehemu ya oksijeni yake na kuwa kaboni monoksidi. Ikifika juu inakutana na hewa mpya na kuwaka buluu. Ukiuona, kopo limefika. Limimine.

Asiye na kopo ajenge mlima. Magunzi katikati, vibanzi vikizunguka, mkaa ukiegemezwa kama nyumba ya msonge, mdomo ukiachwa upande wa upepo. Itachukua dakika kumi zaidi.

Mfuko wa nailoni usiingie jikoni kabisa. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini vipande vya vifungashio bado vinawashia moto mitaani. Vinayeyuka, vinatiririka kwenye mkaa na kuganda, kisha vinaendelea kufuka wakati nyama iko juu. Mafuta ya taa yana nafuu kwa masharti: vijiko vichache juu ya mkaa baridi, yasubiriwe yanyonywe, yawashwe, na nyama isiwekwe mpaka kila kipande kiwe na jivu. Yakimwagwa juu ya makaa ambayo tayari yana moto, hugeuka wingu jeupe la mvuke. Wingu hilo linasubiri cheche moja, na aliyeinama juu yake ana nyusi za kupoteza. Petroli haijadiliwi.

Kukoleza

Hapa ndipo subira inapolipa na haraka inapogharimu. Kaa moja likitengwa na wenzake huzima, hata likiwa jekundu. Sababu ni kwamba linarusha joto pande zote na halirudishiwi chochote. Kwenye lundo kila kaa linamulikwa na majirani, kinachotoka kinarudi. Ndiyo maana kutandaza makaa mapema mno, pale mkaa unapokuwa umeshika tu, kunaua moto. Mimina kopo katikati ya pipa, zungushia ule mkaa mkavu uliobaki, acha lundo dakika 10 hadi 12.

Rangi ndiyo kipimo. Nyekundu ya damu ya mzee ni nyuzi 600 na kitu. Nyekundu inayong'aa ni 750 hadi 800. Ikielekea rangi ya chungwa umepita 900, na nyama hapo inaungua kabla hujageuka kuchukua chumvi. Tofauti kati ya rangi hizo ni kubwa kuliko macho yanavyodhani, kwa kuwa joto linalorushwa na kaa halipandi sambamba na nyuzi zake: kutoka 600 hadi 800, mng'ao wa joto unaongezeka zaidi ya mara mbili. Mchana wa jua kali hutaona rangi yoyote zaidi ya kijivu. Kinga lundo kwa sahani au sinia, chungulia kivulini.

Na kupepea? Makaa yakiwa yameshika kidogo tu, upepo wa nguvu unapoza uso wake haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuupasha, na yale yaliyokuwa yanataka kukua yanakufa. Pepea polepole, kwa chini, ukilenga kitako cha lundo. Yakishakolea, kipepeo kina kazi tofauti: kuondoa jivu. Jivu jembamba huzuia joto lisitoke. Safu ya milimita mbili tatu inaweza kukufanya udhani mkaa umeisha kumbe umejifunika. Gonga pembeni ya jiko kwa koleo kabla hujaongeza chochote.

Kupasha wavu, na kujua umefika

Tandaza makaa kwa mwinuko: theluthi mbili ya jiko yawe na kina cha sentimita 6 hadi 8, theluthi iliyobaki safu moja tu au pasiwe na kitu. Bila upande wa pili huna pa kukimbilia mafuta yakilipuka. Wavu ukae sentimita 12 hadi 15 juu ya makaa, upashwe dakika 8 hadi 10. Mabaki ya jana yataungua yenyewe; yasugue kwa brashi ya waya, halafu pitisha nusu ya kitunguu kilichochovywa mafuta. Angalia nyuzi za brashi zisibaki kwenye wavu.

Jiko la tofali linataka muda zaidi. Tofali 40 za kuchoma zina kilo 100 hivi, na kuzipandisha nyuzi 150 tu kunameza joto la karibu nusu kilo ya mkaa hata kama hakuna lililopotea njiani, na njiani hupotea jingi. Anza saa nzima kabla. Faida yake unaiona baadaye: likishapata moto halitingishwi na upepo.

Kipimo cha joto hakihitaji mashine. Weka kiganja sentimita 12 juu ya wavu, hesabu "mia moja na moja, mia moja na mbili", kila moja ni sekunde. Ukilazimika kuondoa mkono kwenye 2 au 3, una nyuzi 230 hadi 260, moto wa mishikaki na vipande vyembamba vya ng'ombe. Kwenye 4 au 5, nyuzi 180 hadi 200: kuku aliyepasuliwa, kitimoto (nyama ya nguruwe), mbavu za mbuzi. Kwenye 6 hadi 8 ni karibu 150, hapo ndizi zinaiva taratibu bila kuwa mkaa. Ukihesabu mpaka 10, umewahi.

Kitimoto kinahitaji uangalifu wa peke yake. Mafuta yake yanadondoka, yanawaka, masizi yanapaka nyama rangi inayodanganya kuwa imeiva. Anzia upande wa makaa machache, malizia upande mkali kwa dakika chache. Minyoo tegu ipo kwa nguruwe wa nyanda za juu, kwa hiyo katikati ya nyama pafike nyuzi 71. Kuku afike 74. Mwali ukilipuka, sogeza nyama. Kumwagia maji kunarusha jivu na mafuta ya moto, na kunapoza makaa yaliyokugharimu nusu saa.

Makaa ya kilo 3 hushikilia joto la kuchoma dakika 45 hadi saa nzima. Usiongeze mkaa mbichi juu yake nyama ikiwa imelala: moshi unarudi, joto linashuka, unaanza upya. Washa kopo la pili pembeni dakika 30 baada ya nyama kuingia, limimine likiwa limekolea.

Jiko lisilo na moshi ndilo la kuogopa

Jiko likishamaliza kazi, makaa meupe yasiyotoa moshi wala harufu huonekana salama, na baridi ya Makete au Njombe inashawishi yaingizwe ndani. Ile kaboni monoksidi inayowaka buluu juu ya kopo inaendelea kutoka, sasa bila mwali wa kuiteketeza. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, inaanza na kichwa kuuma na usingizi, na aliyekwisha kulala haamki kufungua dirisha. Dirisha nusu wazi si kinga. Jiko lilale nje.

Kulizima, funika. Ziba matundu ya chini kwa udongo, weka bati juu, makaa yatakufa kwa kukosa hewa ndani ya saa moja au mbili. Maji yanapinda pipa na kulitia kutu. Mkaa uliozimwa kwa kufunikwa umeshapoteza unyevu na lami yake, kwa hiyo ndio unaoshika haraka kuliko wote. Upepete majivu na uuweke chini kabisa ya kopo siku inayofuata. Majivu yenyewe yaache kwenye chombo cha chuma mpaka kesho yake jioni, maana kaa dogo lililozikwa humo linaweza kubaki jekundu usiku kucha, na mabua ya mahindi huwa hayako mbali.